Nani ameshika rimoti? Historia fupi ya sauti kutoka Chicago mpaka Kariakoo

Siku nyingi sijaandika kitu cha maana hapa. Zilianza semina, zikaja test, halafu boom likachelewa... wenyewe mnajua maisha ya chuo yalivyo. Leo malalamiko ya hosteli tunayaweka pembeni. Nataka tuongee historia, maana ndiyo niliyokuja kuisomea ili nikaifundishe, na mtu akikuuliza swali zuri la historia halafu ukamjibu "sijui" utakuwa unakula ada ya bure.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini rimoti ya TV inawasha TV, inabadili chaneli, lakini ukiielekeza kwenye sabufa au hom thieta ili upunguze sauti, ile sabufa inakuangalia tu kama haikujui?

Najua kuna mtu ameshacheka. Atasema hiyo siyo historia, hiyo ni kazi ya fundi. Subiri kidogo. Ukitaka kumjua bwana wa nyumba angalia nani anaamua sauti. Ilikuwa hivyo enzi za redio moja kwa mtaa mzima, na bado ni hivyo leo kwenye vyumba vya Kariakoo ambako familia nzima inaishi na TV moja, king'amuzi kimoja na sabufa moja inayotikisa vyombo kabatini.

Aliyeniuliza ni baba yangu mdogo. Alifanya kazi miaka mingi pale Magogoni upande wa kivuko, akiwapandisha watu kwenye pantoni la Kigamboni, na kwa kazi ile sauti yake ilikuwa inasikika mpaka Soko la Samaki Feri. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi vizuri, wa kushoto unatetemeka. Anakaa Kariakoo na mama mdogo na wanawe watatu, na kila Jumamosi nikitoka chuo napita kumsalimia. Kitu anachokitaka kwa siku ni kimoja tu: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, aisikilize mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Sasa mezani kwake zipo rimoti tatu. Ya TV, kubwa, vitufe vyake vinashikika. Ya king'amuzi. Na ya sabufa, ile nyembamba kama kadi, yenye betri ya duara kama sarafu, vitufe vimelala kabisa na havina tofauti ukivigusa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye sauti, na hiyo ndiyo vidole vyake vimeikataa. Halafu vijana nao wanaijua thamani yake. Siku ya Simba na Yanga huioni, iko mfukoni mwa mtu. Nilipomwamkia siku hiyo, shikamoo baba, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siku hizi hata sauti ndani ya nyumba yangu naiomba."

Wadau, neno lile sikulala nalo vizuri. Ndiyo nikaanza kuchimba.

TUANZE NA REDIO

Utangazaji hapa kwetu Tanganyika ulianza mwaka 1951 na kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam ambayo wazee wetu wanaiita RTD mpaka leo. Redio zilikuwa chache. Mwenye redio alikuwa mtu wa heshima, na kile kitufe cha kuzungusha hakiguswi na mtoto.

Kwa sisi tunaosoma ualimu lipo jambo la kujivunia hapa. Miaka ya sabini serikali iliifanya redio kuwa darasa. Zilikuwepo kampeni za watu kukaa vikundi, wanasikiliza kipindi kwa pamoja halafu wanajadili. Kubwa inayokumbukwa ni ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima kama milioni 2 nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walichimba vyoo, wakafyeka nyasi kuzunguka nyumba, kwa ajili ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku kimoja.

Fikiria darasa lile. Redio moja chini ya mwembe, watu wazima wamezunguka, aliye nyuma kabisa hasikii. Sauti ikipandishwa betri zinaisha mapema, ikishushwa mama wa nyuma anakosa somo. Kwenye mkusanyiko kama ule kitufe cha sauti kinaamua nani anaelimika na nani anarudi nyumbani kama alivyokuja. Ndiyo maana nasema hii ni historia, siyo ufundi.

TV ILICHELEWA, RIMOTI ILIWAHI

Zanzibar walitutangulia. Televisheni Zanzibar, TVZ, ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Bara tulibaki na redio. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona TV ni anasa kwa nchi iliyokuwa bado inatafuta maji na shule za vijijini. Kukubaliana naye au kumpinga ni mjadala wa semina, tena mrefu, tuuache.

Bara vituo vikaja baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka 1994 vikaanza vya watu binafsi, ITV, DTV na CTN, na televisheni ya serikali, TVT, ikaja mwaka 2000. Leo ni TBC.

Sasa angalia jambo ambalo nadhani wengi hatulitilii maanani. Wenzetu Marekani na Uingereza walikaa miaka mingi na TV ya kuinuka na kuzungusha kitufe, rimoti ikaja baadaye. Sisi Bara TV imetufikia kwa wingi wakati rimoti imeshakuwa kitu cha kawaida, inakuja ndani ya boksi pamoja na waya. Kwa hiyo kwetu TV na rimoti ni mapacha. Isipokuwa kwa nyumba ambazo rimoti iliharibika, maana hapo mtoto mdogo ndiye anakuwa rimoti: "Wewe, hebu punguza hapo! Ongeza! Basi, rudi ukae." Na mimi ni mmoja wa rimoti hizo, tena sikuwahi kubadilishwa betri.

HUKO CHICAGO

Rimoti yenyewe imetoka wapi? Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950, ikaitwa Lazy Bones, yaani mvivu. Watu wakawa wanajikwaa kwenye ule waya sebuleni. Bosi wa Zenith, Eugene McDonald, alikuwa hapendi kabisa matangazo ya biashara, akawataka mafundi wake watafute namna ya mtazamaji kuyanyamazisha akiwa amekaa kitini.

Mwaka 1955 fundi wao Eugene Polley akaleta Flash-Matic. Ilifanana na bastola ya kuchezea na ilitoa mwanga. TV iliwekewa macho manne kwenye pembe nne za kioo, ukimulika pembe moja inawaka au kuzima, nyingine inakata sauti, nyingine mbili zinabadili chaneli. Tatizo likawa jua. Likiingia dirishani TV nayo inapokea amri!

Mwaka uliofuata, 1956, mwenzake Robert Adler akaja na Space Command. Hiyo haikuwa na betri wala mwanga. Ndani mlikuwa na vijiti vya alumini, ukibonyeza kinyundo kinagonga kijiti, kinatoa mlio mkali kupita uwezo wa sikio la binadamu, TV inausikia. Hiyo nayo ilikuwa na vituko vyake, kwani mlio wa funguo au sarafu uliweza kuichanganya TV.

Mnaona lakini? Rimoti ya kwanza ya TV isiyo na waya ilizaliwa kwa sababu ya SAUTI. Mtu alitaka kuamua ni nini kiingie masikioni mwake ndani ya nyumba yake. Baba mdogo na yule bosi wa Chicago wanadai kitu kimoja.

KWA NINI SABUFA HAISIKII

Kuelekea miaka ya themanini mlio ukaachwa, ikaja infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Ndiyo tunayotumia mpaka leo kwenye rimoti nyingi. Kama hauamini, washa kamera ya simu, ielekeze kwenye kile kitaa cha mbele ya rimoti, halafu bonyeza. Utaona kinamweka. Simu nyingine kamera ya nyuma inauchuja mwanga huo, basi jaribu ya mbele. Hii hapa nimeitumia kama zana ya kufundishia kwa watoto wa mama mdogo, walishangaa vibaya sana.

Ule mwanga unawaka na kuzima haraka mno, kwa rimoti nyingi kama mara 38,000 kwa sekunde, na ndani yake umebeba ujumbe. Ujumbe uuchukulie kama barua. Juu kuna anwani, ndani kuna agizo. Rimoti ya TV ikituma "ongeza sauti", inaandika juu ya bahasha anwani ya TV hiyo. Sabufa nayo inaupokea mwanga, kwa sababu mwanga hauchagui, lakini ikisoma inakuta siyo S.L.P. yake. Inaitupa barua. Siyo kwamba haisikii. Inasikia, ila haijaandikiwa yeye!

Kwa nini basi makampuni yasikubaliane anwani? Kwa sababu kila mmoja alitaka ununue vyote kwake. Watu walijaribu kuvunja ukuta huo. Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, mwaka 1987 kampuni yake iitwayo CL 9 ilitoa rimoti ya kujifunza barua za rimoti nyingine, ikaitwa CORE. Wajukuu wake ndio hizi rimoti za TV zote zinazoning'inia kama mishikaki kwenye meza za machinga Mtaa wa Kongo.

KARIAKOO NA RIMOTI YA TATU

Kariakoo jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Soko kuu lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na hata lilipoungua mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza. Vifaa vya umeme vilianza kujaa baada ya milango ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Baadaye wafanyabiashara wakawa wanafuata mzigo Dubai, halafu China, Guangzhou. Ndiyo sabufa zikashuka bei mpaka mtu wa chumba kimoja akaweza kununua.

Kisha ikaja tarehe ya kukumbukwa, 31 Desemba 2012. Siku hiyo Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia, tukahamia dijitali. Antena ya zamani peke yake ikawa haina kazi kwa TV nyingi, lazima king'amuzi. Watu waliongea sana kuhusu gharama za vifurushi, lakini kuna badiliko la kimyakimya halikusemwa: rimoti ya TV ilipoteza kazi yake. Kubadili chaneli kukahamia kwenye rimoti ya king'amuzi. Ukinunua na sabufa, sauti nayo inahama. Ile rimoti kubwa, nzuri, yenye vitufe vya kushikika, imebaki kuwasha na kuzima tu. Kama mzee aliyestaafu, bado anaitwa baba mwenye nyumba lakini maamuzi yote yanafanyika sehemu nyingine.

Na hapo ndipo fujo za sauti zinapoanza. Fikiria bomba la maji lenye koki tatu. King'amuzi kina koki yake ya sauti, TV ina yake, sabufa ina yake. Moja ikifungwa, nyingine hata ukizifungulia mpaka mwisho unapata mchirizi tu, tena wenye mikwaruzo. Wengi wanaodhani spika imekufa, koki ya king'amuzi ndiyo iko chini.

DAWA ILIYOLETWA NA WAKUBWA

Mwaka 2002 makampuni kadhaa, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba, Hitachi na Matsushita, walitoa waya mmoja wa picha na sauti, HDMI. Matsushita siyo wageni kwetu, ndio waliokuwa na kiwanda hapa Dar cha redio na betri za National. Ndani ya waya huo kuna pini 19, na pini ya 13 kazi yake ni moja tu: vifaa kupeana maagizo. Mpango huo unaitwa CEC. Ukibonyeza sauti kwenye rimoti ya TV, TV inaipokea barua, halafu yenyewe inaipeleka kwa hom thieta kupitia waya. Mwaka 2009 toleo la 1.4 likaongeza ARC, yaani sauti ya TV inarudi kwenye hom thieta kwa waya huohuo.

Sasa cheki binadamu. Badala ya kuiita CEC ikajulikana, kila kampuni ikaibatiza jina lake. Samsung wanaiita Anynet+, Sony Bravia Sync, LG SimpLink, Panasonic Viera Link, Philips EasyLink. Kitu kilekile! Mtu anakaa nayo miaka mitano haijui. Kama hom thieta yako ina HDMI, fanya hivi: chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hilo jina la kampuni yako, washa na kwenye hom thieta, kisha chagua sauti itokee HDMI badala ya spika za TV. Ikigoma, chomoa vyote kwenye umeme dakika mbili tatu, rudisha. Waya wa optiko, ule wa mwanga mwekundu, unapeleka sauti safi lakini haubebi maagizo hayo, usiulaumu.

DAWA YA WATU WA CHUMBA KIMOJA

Sabufa ya baba mdogo haina HDMI. Ina matundu mawili tu, nyekundu na nyeupe, kama sabufa nyingi za bei yetu. Na ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na king'amuzi, TV imerukwa.

Nikaenda kwa fundi mmoja mtaani pale, amekaa na meza yake ya sodaringi nje ya duka la vitenge. Nikamweleza. Akanisikiliza bila kuinua kichwa, akasema: "Ticha, acha kuhangaika na rimoti. Hamisha waya. Sauti itoke kwenye tundu la hedifoni la TV, kule koki ni ya TV."

Ndicho tulichofanya. Waya mmoja, upande huu pini ndogo ya hedifoni, upande ule nyekundu na nyeupe, elfu tatu. Sabufa ukaiweka sauti katikati ukaiacha hapohapo. King'amuzi ukakiweka juu karibu na mwisho. Kuanzia hapo, rimoti ya TV ikipanda, sauti inayokwenda kwenye sabufa inapanda, ikishuka inashuka. Barua haitumwi popote. Maji ndiyo yanapunguzwa kabla hayajafika. Kwa TV nyingine huna haja ya hedifoni, matundu yake ya kutoa sauti yana chaguo la Fixed na Variable kwenye mipangilio, weka Variable.

Kwa mzee imetosha kabisa. Chaneli yeye habadili, ni habari tu, na akimaliza anaweka flashi ya Msondo kwenye TV ileile. Rimoti ya kadi nimewaachia vijana waifiche wanavyotaka. Mama mdogo ameniambia jirani wa ukuta wa pili kaja kushukuru, eti siku hizi saa nne usiku nyumba inanyamaza.

TUNAJIFUNZA NINI

Vitabu vyetu vya historia ya teknolojia vinapenda kuorodhesha wavumbuzi: fulani, mwaka fulani, kitu fulani. Ni muhimu, na mimi nimewataja. Lakini kila kifaa kipya kikiingia nyumbani kuna mtu anapata sauti na kuna mtu anapokonywa. Mwaka 2012 tulihesabu waliokosa king'amuzi. Hatukuhesabu wazee waliokuwa na TV, wana king'amuzi, umeme wa LUKU upo, na bado hawawezi kusikiliza habari mpaka mtoto arudi. Mtihani hauulizi hilo. Nadhani mwalimu anaweza kuliuliza.

Nikienda field mwaka huu nitawapa wanafunzi kazi hiyo ya nyumbani: nendeni mkaandike, kwenu nani anaamua sauti, na ilianza lini kuwa hivyo. Ni historia simulizi isiyohitaji kitabu wala maabara, na kila nyumba ina mhadhiri wake.

Haya wadau, jioni njema. Kuna test ya saikolojia Jumatatu na desa sijalifungua hata ukurasa mmoja. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.